Mke wa Aliyechukuliwa

Matrah, Maskati
12 Februari 1965

Mdogo wangu Thabit,

Idi tumekula kwa amani, alhamdulillahi. Barua yako niliipata wageni wamejaa nyumbani, nikaitia kifuani mpaka walipoondoka.

Umeuliza tunaishi vipi. Tunaishi. Nyumba ya wazee wa Aflah iko karibu na forodha, na chumba chetu kina dirisha linalotizama mlima mtupu. Jani hata moja. Siku za mwanzo nilikuwa nikiutizama mlima ule kama mtu anayengoja uote kitu.

Ami Thani, baba mkwe, ananifanyia wema. Yeye alikaa Unguja ujanani, kwa hivyo tunasemezana Kiswahili, na nadhani anafurahi kupata wa kusema naye. Mama mkwe, Bi Hind, hajui hata neno moja. Kiarabu changu anakicheka, kwa sababu nilikipata chuoni na vitabuni. "Huyu anasema kama khutba," huwaambia majirani. Nikiimba nyimbo zetu jikoni, yeye husimama mlangoni akasikiliza, kisha akenda zake.

Skuli hapa ni chache, na hizo ni za wavulana. Ualimu wangu nimeukunja pamoja na nguo nilizokuja nazo. Lakini wanawake wa mtaani wamegundua kuwa najua kusoma maandishi ya chupa za dawa. Basi wananiletea chupa, na wakija na chupa huja na watoto. Nachemsha maji, naosha vidonda, natoa habbasoda na asali. Wengi wanapona. Wangepona hata bila ya mimi, lakini hilo nikilisema hawaniamini.

Aflah amepata ukarani kwa mfanyabiashara wa vitambaa. Haipendi kazi ile. Alasiri hukaa na vijana wenziwe wakazungumza kwa nini nchi nyengine zina skuli na hospitali na sisi hatuna, na Ami Thani hukohoa ili wanyamaze.

Niandikie unasoma nini. Siasa usiandike. Barua zitokazo Misri hupita kwenye macho mengi kabla ya yangu.

Dada yako,
Rahila


Kairo
20 Aprili 1965

Dada Rahila,

Nakushika miguu. Shauri lako nimelifuata: nitakuandikia habari za watu waliokufa zamani sana, ambao hawamkasirishi mtu.

Nimechagua mada ya utafiti wangu. Ni wachawi wanawake katika ngano za Wayunani wa kale. Wenzangu wa Unguja waliokwama hapa kama mimi wananicheka. "Kisiwa tumepoteza," wanasema, "na wewe unasomea uchawi?" Nawaacha wacheke.

Wa kwanza anaitwa Kirke. Ni binti wa Jua, anakaa kisiwani peke yake, hana mume wala baba wa kumwamuru, na anajua mizizi na majani yote. Uani kwake simba na mbwa mwitu wanazunguka wapole kama paka. Mabaharia wanafika wana njaa. Anawakaribisha jibini, asali na mvinyo, na ndani ametia dawa. Wakishakunywa anawagusa kwa fimbo, wanakuwa nguruwe: mwili wa nguruwe, akili ile ile ya mtu. Nahodha wao, Odiseo, anaokoka kwa kuwa mjumbe wa miungu yao amempa mmea wa mzizi mweusi na ua jeupe.

Profesa wangu anasema hapa kila kitu ni alama. Kikombe ni matamanio. Nguruwe ni mtu aliyeshindwa na tumbo lake. Mmea ni akili. "Kwa hakika," alituambia, "hakuna mwanamke katika hadithi hii. Kuna nafsi ya mwanamume inayopigana na nafsi yake." Nimeona ni maneno mazuri, nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Nisalimie shemeji Aflah na Ami Thani.

Mdogo wako,
Thabit


Matrah
9 Septemba 1965

Thabit,

Aflah alikwenda Qurayyat kutizama mitende ya babu yake wakati wa mavuno. Hajarudi. Tende zimekwishavunwa, zimekwishatiwa makandani. Ndugu zake wamekwenda kuuliza. Alionekana sokoni, kisha hakuonekana. Hakuna maiti, hakuna nguo iliyookotwa. Nakuandikia ili usisikie kwa mwengine. Mimi mzima, na hakuna haja ya wewe kufanya lolote.

Hapa wana neno lao: mughayab, aliyefichwa. Mtu kama huyo hakufa wala hakusafiri. Wachawi wamemchukua, wamemtoa akili, wanamchungisha mbuzi huko milimani. Ni msukule wetu tu, kwa Kiarabu. Bi Hind ameshaamini. Kila magharibi anaweka sahani ya wali kizingitini, kwa sababu inasemwa kwamba waliochukuliwa hupita karibu na makwao lakini hawawezi kuita.

Kuhusu Kirke wako, nna masuala mawili. Hiyo hadithi kaisimulia nani? Na wale nguruwe waliporudi kuwa watu, huyo Odiseo alikwenda zake?

Rahila


Kairo
2 Novemba 1965

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikasimama, nikatembea ukingoni mwa mto mpaka miguu ikaniuma. Unaandikaje habari kama ile kwa utulivu ule? Mimi siwezi kukaa tu. Nimewaandikia rafiki zangu walioko Kuwait na Bahrain, nimewapa jina lake kamili na sura yake, wamwulizie katika kambi za mafuta na bandarini. Inshallah tutapata habari.

Masuala yako nayajibu kwa kuwa umeyauliza, ingawa sijui unapata wapi moyo wa kuuliza. Aliyesimulia ni Odiseo mwenyewe, mezani pa mfalme wa ugenini, alipoulizwa siku zote hizo alikuwa wapi. La pili: la, hakwenda zake. Alikaa kwa Kirke mwaka mzima, akila na kulala kitandani mwake, hata wenzake wakamkumbusha kuwa ana kwao. Nilimwuliza profesa kuhusu mwaka huo. Akasema ndiyo nguvu yenyewe ya uchawi.

Thabit


Matrah
1 Desemba 1965

Thabit,

Usimtafute Aflah. Waandikie hao rafiki zako leo hii. Waambie umepata habari kuwa amefariki, au waambie uwongo wowote unaokujia. Jina lake usiliandike tena kwenye karatasi. Nakuomba kama dada aliyekulea.

Profesa wako muulize jengine. Odiseo alipotaka kuondoka, nani aliyemwonesha njia?

Rahila


Kairo
14 Januari 1966

Dada,

Nimetii. Nimewaandikia wote kuwa amekufa, na wawili wamenirudishia rambirambi ambazo nimeona haya kuzisoma.

Nadhani huzuni imekuwa nyingi kuliko unavyokubali. Mtu akiambiwa usitafute, hufahamu kuwa wewe mwenyewe umeshakata tamaa. Sikulaumu.

Njia aliionesha Kirke. Odiseo aliposema anataka kwao, hakumzuia hata kidogo. Akamwambia apite wapi, ajihadhari na nini, akampa chakula na upepo. Profesa hajawahi kututajia hilo, nami sioni linahusu nini.

Sasa nasoma habari za Medea. Huyu ni binti wa mfalme wa nchi za mashariki, mjuzi wa dawa. Anampenda mgeni, Yasoni, anamsaidia kuiba ngozi ya dhahabu, anaacha kwao na baba yake kwa ajili yake. Wakifika nchi ya Wayunani yule mume anamweka kando, ataka kuoa binti wa mfalme wa pale. Medea anampelekea bibi harusi nguo yenye sumu, kisha anawaua watoto wake mwenyewe ili baba yao abaki mtupu. Wako wanaosema yeye ni alama ya hasira. Profesa anasema ni alama ya ugeni: Wayunani waliwaogopa watu wa mashariki, na hofu ile wakaipa sura ya mwanamke.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Wewe hata mtoto huna.

Thabit


Matrah
Oktoba 1967

Kwa mtukufu mwanetu Thabit bin Harub, Mungu akuhifadhi. Amma baad.

Huu ni mwaka wa pili na zaidi tangu mwanangu Aflah aghibu, na dada yako ameniambia kuwa hakuandikii tena. Kwa hivyo nimeona ni wajibu wangu nikuandikie mimi.

Watu wa mtaa wana maneno. Sisemi kuwa ni kweli, wala sisemi kuwa ni uwongo; nakufikishia tu. Wanasema mkewe ametoka nchi ya waganga. Wanasema anachemsha mizizi na anasema na chungu kwa lugha isiyofahamika, na kwamba mumewe alikunywa mkononi mwake kabla ya kutoka. Mtoto wa jirani aliyepewa dawa na yeye alikufa kwa homa mwezi wa Rajabu wa mwaka jana. Tangu hapo wanawake wanavuka njia wakimwona. Mama yake Aflah hali chakula alichokipika yeye. Juma lililopita alitupiwa mawe kisimani, akarudi na damu usoni. Nilipomwuliza aliyemtupia, alisema ameanguka.

Baba yenu amekufa, na wewe ndiye mwanamume wake. Njoo umchukue, au mtafutie pa kwenda. Amani yake na yetu imo katika hilo.

Mwenye kukutakia kheri,
Thani bin Sleyum


Kairo
20 Novemba 1967

Dada Rahila,

Ami Thani ameniandikia. Nimejua habari ya mawe kwa mtu mwengine, na wewe hukuniletea hata herufi moja. Karibu miaka miwili nilidhani umenuna kwa sababu ya Medea na lile neno langu la ujinga kuhusu watoto.

Kuja siwezi. Pasi yangu ni ya nchi ambayo haipo tena. Kila ofisi niingiayo wanaigeuzageuza kama sarafu ya kale, kisha wananirudishia. Na tangu vita vya Juni hapa hakuna mwenye muda na mgeni.

Lakini wewe una ulimi. Wewe ni mwalimu, ulikuwa unasimama mbele ya darasa zima la wasichana wa Unguja na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kwa nini hukanushi? Waambie dawa zako ni asali na maji ya moto. Mwambie Bi Hind kwa Kiarabu chako cha khutba. Anayenyamaza huwaachia wenziwe kazi ya kumpa jina.

Nijibu, nakusihi.

Thabit


Matrah
Februari 1968

Mdogo wangu Thabit,

Barua hii haipiti posta ya huku. Anaichukua Bi Kheiria, binti wa ami yetu, anayekwenda hija na mumewe, ataitia posta Jidda. Kwa hivyo leo nasema.

Aflah hakuchukuliwa. Aliondoka kwa miguu yake.

Aliniambia jikoni, mchana, mama yake yuko kwa jirani. "Askari wamemkamata mwenzetu," alisema. "Wataniita na mimi."

Nikamwambia, "Basi nenda."

"Bila ruhusa ya kusafiri?"

"Ukienda kuiomba ndiyo watakuuliza unakwenda wapi."

"Twende sote."

"Wawili tutaonekana. Mimi mwanamke, nani atanihoji?"

Akakaa chini, akashika kichwa. Hakuwa anajua apite wapi. Nikamwambia apite Qurayyat, kwa sababu kule wamemzoea kwa ile mitende na hawatashangaa kumwona, na apande chombo cha kwanza kitakachomkubali. Nikamfungia mkate na tende. Akasema, "Nikifika nitakuita." Nikasema inshallah. Nilikuwa nimechoka naye kidogo, Thabit, na hilo pia ni kweli. Alikuwa mtu wa kutaka kila siku aambiwe la kufanya.

Ami Thani anajua. Aflah alimuaga. Jioni ile mzee aliniita, akafunga mlango. "Wakijua ametoroka," alisema, "watakuja kwa ndugu zake. Nna wana wengine, Rahila. Bora awe amechukuliwa."

"Na mama yake?"

"Mama yake hawezi kuficha furaha. Akijua leo, kesho anajua kila mtu mpaka sokoni."

Nikakubali. Sikufikiri mbele. Sikujua kuwa mtu akishasemwa amechukuliwa, lazima apatikane na aliyemchukua. Na ndani ya nyumba ile mgeni alikuwa mmoja.

Kwa hivyo mzee alipokuandikia alikuwa anajua. Nadhani hakuvumilia kuniona na damu usoni, na hakuweza kusema lile neno moja ambalo lingeyasimamisha mawe. Akaona rahisi niondoke. Simchukii. Bado tunazungumza Kiswahili, lakini sasa ni habari za hali ya hewa.

Mtoto wa jirani alikuwa na homa kali. Nilimwambia mama yake ampeleke hospitali ya wamisheni, akaogopa. Namfikiria sana.

Jengine nitakalokwambia litakushangaza. Tangu waniogope, hakuna anayeingia chumbani kwangu bila ya kubisha. Mabinti wa Bi Kheiria huja baada ya adhuhuri na wenzao kadhaa, ati kushona. Nawafundisha kusoma. Mama za hao wenzao wananiogopa, lakini waume zao wako Bahrain na Kuwait, na wamechoka kwenda kusomewa barua na watu wa dukani. Na kwa kuwa ni chumba cha mchawi, hakuna mwanamume anayekuja kuchungulia kinachosomwa.

Basi profesa wako akitaka maana ya wachawi wake, mwambie asianzie kwenye kikombe. Aulize kwanza nani katika ile nyumba anahitaji awepo mchawi. Ami Thani anamhitaji. Aflah anamhitaji. Hata mimi, siku nyengine, namhitaji. Anayelipa kwa ajili yetu sote ni Bi Hind, na sahani yake ya wali.

Usinijibu kwa uwazi.

Rahila


Kairo
7 Juni 1969

Dada yangu mpenzi,

Yale uliyoniandikia yalinifika, na nimeyaweka mahali pake. Kwa kuwa ulitaka tuzungumze ngano tu, nitazungumza ngano.

Nimemaliza utafiti wangu. Sura ya mwisho niliichana nikaiandika upya. Nimesema kwamba wachawi hawa ni mahali ambapo wanaume wa ngano zile waliweka yale yasiyosemeka nyumbani: kwamba walikaa ugenini kwa hiari, kwamba waliokolewa na mwanamke, kwamba walimwacha aliyewaokoa. Mwanamume hawezi kurudi kwao na habari kama hizo. Akirudi na mchawi, anapokewa. Na nimesema kuwa anayechaguliwa kuwa mchawi ni yule asiye na mtu wake karibu: Kirke hana mume, Medea yuko mbali na kwao. Ujuzi wao wa dawa ni kisingizio tu. Kama wangekuwa na ndugu jirani, wangeitwa waganga.

Profesa ameandika pembeni, "Ushahidi?" Amenipitisha hata hivyo.

Umeniuliza zamani kama Yasoni aliwahi kuonekana tena. Sikuwa nimemtafuta, lakini rafiki yangu mmoja alikutana naye na hakujua kuwa nilishamwua kwa barua. Yuko mji wa wageni, penye mafuta. Kazi yake nzuri. Ameoa binti wa mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, na wamepata watoto. Rafiki yangu alimwuliza kama ana watu kwao. Akasema wazee tu.

Nimekaa na habari hii mezani muda, nikijiuliza nikupe au nikufiche. Nimeona umefichiwa vya kutosha.

Mdogo wako,
Thabit


Matrah
25 Oktoba 1970

Mdogo wangu Thabit,

Sasa naweza kuandika jina la mtu kama nipendavyo. Redioni umesikia mambo ya Julai, mwana wa Sultani kumpindua baba yake, sina la kukuongezea, isipokuwa kwamba milango ya mji haifungwi tena baada ya magharibi, na watu mwanzoni walikuwa wakiipita mbiombio kama wanaoiba. Walioko nje wanaitwa warudi, na wanarudi, kwa ndege na kwa meli, na kila nyumba ina mgeni ambaye ni wao.

Habari yako ya mwaka jana niliipokea bila ya kulia. Nilikuwa nimeshaijua, kwa namna ambavyo mtu anaijua. Sikumwambia yeyote.

Aflah alirudi mwezi uliopita. Amenenepa. Alikuja na masanduku, saa ya dhahabu, na feni za umeme kwa nyumba ambayo haina umeme. Bi Hind alipomwona alianguka mlangoni, wakambeba. Alipozinduka alimpapasa uso wote kama kipofu, akasema, "Wamekuachia. Wamekuachia." Kisha akanigeukia na kunitizama, na Aflah akaliona lile jicho, akafahamu mama yake anafikiri nini. Nilimwona anafahamu.

Jioni ile majlisi ya wanaume ilijaa. Mimi na wanawake tulikuwa nyuma ya pazia na kahawa. Mzee mmoja akamwuliza, "Ulikuwa wapi, ewe Aflah, siku zote hizi?"

Hatari hakuna tena, Thabit. Angeweza kusema Kuwait, na nusu ya waliokaa pale wametoka Kuwait juzi.

Akasema, "Sikumbuki vizuri. Nilikuwa kama mtu aliye usingizini. Nilikuwa na mbuzi. Nikiona watu na sikuweza kuwaita."

Wakasema Allahu akbar. Mmoja akalia. Ami Thani alikuwa anatizama mkeka.

Nilimngoja ukumbini walipoondoka. "Kwa nini?" nikamwuliza.

"Nimesema walilotaka kusikia," alijibu. "Nimwambie mama yangu nini? Kwamba nilikuwa nakula na kulala na sikumpelekea hata salamu?"

"Na mimi?"

"Wewe wameshakuzoea hivyo."

Sikukasirika kama nilivyotarajia. Nilimtizama nikaona ni mtu mzima mwoga, na kwamba alikuwa hivyo tangu jikoni. Nikamwambia, "Nataka talaka yangu, leo. Na kesho uwaambie ukweli palepale ulipowaambia uwongo."

Talaka alinipa kabla sijamaliza sentensi. Ukweli alisema hawezi, watamcheka.

"Mimi walinipiga mawe," nikamwambia.

"Ndiyo sababu," akasema. "Wewe unaweza."

Asubuhi yake Bi Hind alibisha mlango wa chumba changu. Hakuwahi kuingia tangu Aflah aondoke. Alikaa kitandani, akaikunja shela yake mapajani, na akanisemesha polepole, kwa Kiarabu chepesi, kama asemavyo mtu na mtoto.

"Nguo zake zina manukato ya mwanamke," alisema. "Ndani ya sanduku mna picha ya watoto. Wamefanana na mimi."

Akanisogelea.

"Alikuwa wapi?"

"Kuwait."

"Ulijua alipoondoka?"

"Nilijua. Mimi ndiye niliyemwambia pa kupita."

"Na baba yake?"

"Anajua."

Akatikisa kichwa kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayepanga vitu rafuni. Kisha akasema, "Basi kila magharibi nilipokuwa naweka wali, wewe ulikuwa unanitizama, na ulijua yuko hai."

"Ndiyo, khala."

"Mimi niliwaambia watu wewe mchawi, na nilisema uwongo. Hukuniibia mwanangu. Lakini hilo la wali, Rahila. Hilo ulinifanyia."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na ndugu za Aflah, na ruhusa, na jela, na neno la Ami Thani. Yote ni kweli, na nilipoyatafuta mdomoni hayakuwa na uzito wowote. Nikasema tu, "Nilikufanyia."

Akainuka, akajifunika, akatoka. Nilidhani anakwenda chumbani kwake. Alikwenda mpaka mlango wa majlisi, ambamo wanaume walikuwa wamerudi kumsikiliza Aflah tena. Kwa umri wake wote hakuwahi kusimama mlangoni pale penye wageni. Akasema, kwa sauti ambayo niliisikia kutoka ghorofani, "Mwanangu alikuwa Kuwait. Ana mke huko na wana. Hakuna aliyemchukua, na mwanamke huyu wa Unguja hakufanya kitu. Mwenye kusema jengine baada ya leo asije kunywa kahawa yangu." Kisha akauliza kama halua imetosha.

Habari hiyo imeshafika Maskati na kurudi. Mama wa yule mtoto aliyekufa alikuja juzi. Tulikaa naye mpaka alasiri, akaondoka.

Mimi nimehamia kwa Bi Kheiria. Inafunguliwa skuli ya wasichana, na wamekuja kutafuta waalimu; waliposikia kuwa nilisomesha Unguja waliandika jina langu bila ya kuuliza zaidi. Wasichana niliowasomesha chumbani watapelekwa darasa la juu, na wenyewe hawaamini. Wewe pia njoo. Wanataka kila aliyesoma, hata aliyesomea Wayunani.

Siku niliyotoka nyumba ile Ami Thani alinibebea sanduku mpaka chini, peke yake, akikataa kusaidiwa, na akaniaga kwa Kiswahili mbele ya watu wote. Bi Hind alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele. Niliinama nikambusu mkono. Hakuuvuta mkono wake, wala hakuufumba juu ya wangu. Nikangoja kidogo, kisha nikaunyoosha mgongo nikaondoka.

Dada yako,
Rahila bint Harub